Wageni Waliopita Mlangoni Kwetu

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume, aliyeshika usukani, mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza safari, wageni wake wawili, mzee mmoja na mkewe, kutoka Marekani, jimbo la Kentucky, na huko nyumbani, kando ya barabara ya kwenda Malindi ya huku Usambara, mama yetu mdogo pamoja na majirani, wakisubiri na masufuria yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku ile kivyake, na yupo jirani ambaye hakuwepo kabisa lakini anaisimulia kutushinda sisi tuliokuwepo.

Wazee wale wawili ndio waliomsomesha mdogo wetu kuanzia sekondari hadi chuo cha utalii. Kabla ya hapo nilimsomesha mimi. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujamaliza kumlilia baba, na mimi nikiwa darasa la sita nikaacha shule, kwa sababu mtoto wa mgongoni hawezi kusubiri mtu ajifunze sehemu na desimali. Nililima kabichi na karoti kwenye matuta ya baba, nikabeba matenga ya watu mpaka sokoni, nikawalea wadogo zangu. Siyasemi haya ili nisifiwe. Ndiyo kazi ya kifungua mimba, na kwetu hakuna aliyenishangaa.

Walipopatikana wazee hao wa Marekani kupitia shirika moja la misaada, nilimshukuru Mungu kanisani mbele za watu. Tangu hapo nilikuwa na jambo moja moyoni: siku moja niwakalishe chini ya paa la baba yetu, niwalishe, halafu nisimame niseme asante. Kwetu mtu aliyekulelea mtoto hashukuriwi barabarani. Anaingizwa ndani, ananawishwa mikono, anakula akashiba, ndipo mkubwa wa nyumba anasimama na kusema neno. Asante ya kabla ya chakula ni salamu tu.

Kwa hiyo niliposikia wanakuja, nilimtenga kondoo dume mmoja, nikatangaza kwa majirani kwamba huyu ana wenyewe. Mdogo wangu wa kike sikumwambia habari za kondoo. Hilo nalo ni la kwetu: mgeni haulizwi kama atakula. Ukimuuliza umemwambia asile. Nilimwambia tu kwenye simu, "Mkielekea Mtae si mtapita nyumbani?"

Akasema, "Tutaona, kaka."

Mimi nikasikia ndiyo.

Siku mbili tatu kabla ya safari akapiga tena. "Kaka, mpagazi wangu anaumwa. Unaweza kunisaidia mizigo siku hiyo? Njia ya msituni unaijua."

Nilifurahi. Niliona ndiyo adabu yake ya kunikutanisha na wazee, nitembee nao kutwa, tuzoeane, jioni tuingie nyumbani kama watu wanaojuana. Nilichinja jioni ya kuamkia safari, nikamwachia mama mdogo nyama na ndizi, alfajiri nikadandia gari la mboga kwenda Lushoto mjini.

Nilimkuta mdogo wetu wa mwisho mbele ya nyumba ya wageni, amevaa kofia na viatu vya kupandia milima, anapanga mabegi kwenye gari la Noah alilokuja nalo yule ndugu yetu wa kati. Aliponiona alisema, "Habari za asubuhi," akanipa begi.

Tangu mdomo wake ulipoweza kutamka maneno, mtoto yule hajawahi kunipita bila shikamoo. Hata siku tuliyogombana kuhusu mchumba wake, alinipigia simu, akatoa shikamoo kwanza, ndipo akaanza kunifokea. Nikamtazama ndugu yetu. Alikuwa ameinama anakagua tairi, na tairi lile lilikuwa zima. Nikajiambia ni haraka ya kazi.

Wageni wakatoka. Mzee alikuwa mrefu, mwenye kamera shingoni, na mkewe alitembea kwa kuhurumia magoti. Bibi yule alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akaweka mkono kifuani, akasema, "Shikamoo."

Wote tuliona aibu isipokuwa yeye. Ningeitikiaje marahaba kwa mtu wa umri wa bibi yangu? Nikainama, nikasema, "Hapana, mama. Shikamoo wewe."

Akacheka sana. "Marahaba! Marahaba!" akasema, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta.

Mdogo wetu akaeleza jambo kwa Kiingereza, akininyooshea kidole. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Tulipoingia garini nilikaa mbele, karibu na ndugu yetu, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini juu yangu?"

"Amesema wewe ndiye unayeijua njia."

"Hakusema mimi ni kaka yake?"

Akabadilisha gia. "Kiingereza, kaka, kina maneno marefu. Nimeshika ya mwisho tu."

Tulianza na jabali la Irente. Nimekaa Usambara maisha yangu yote na sikuwahi kwenda pale kutazama. Nilikuwa nikipita karibu nikiwa na mzigo kichwani, na mwenye mzigo hatazami bonde. Siku ile nilisimama ukingoni, nikaona Mazinde kule chini, mistari ya mkonge, na barabara kuu nyembamba kama uzi, magari yakienda upande wa Moshi bila mlio wowote. Ndugu yetu akanigonga begani. "Kaka, leo umekuwa mtalii. Toa kiingilio."

"Nimeshatoa," nikamwambia, nikimwonyesha mabegi mgongoni.

Na mdogo wetu alikuwa akizungumza. Nataka niseme ukweli: anaiweza kazi yake. Sikuelewa maneno, lakini nilimwona mzee akisahau kupiga picha ili amsikilize. Mjini aliwaonyesha majengo ya zamani ya Wajerumani, akawasimamisha mbele ya ukuta wa mawe ambao mimi nimeuegemea mara nyingi nikisubiri kushusha karoti, akausemea mpaka mimi mwenyewe nikaugeukia kuona una nini. Nilijaa fahari. Nilijisemea, huyu nimembeba mgongoni.

Kazi ile aliijifunza vizuri zaidi kwao wazee hawa. Walimwalika akakaa nao msimu mzima, wakamzungusha kwenye hifadhi na sehemu za kihistoria za jimbo lao. Aliporudi alikaa kizingitini kwetu na simu yake, akatuonyesha picha moja moja. Kulikuwa na pango ambalo watu huingia kwa makundi na kutembea humo mpaka wakachoka. Kulikuwa na mto unaoanguka kwenye mwamba, nikamwambia hata sisi tunayo, akasema, "Yenu haina uzio na choo, kaka." Na kulikuwa na jumba kubwa la mawe, lenye ngazi kama za kupandia mbinguni.

"Humo kuna nini?" nilimuuliza.

"Kuna kibanda cha magogo. Cha kukumbuka alipozaliwa rais wao mmoja wa zamani. Wazazi wake walikuwa maskini, wakulima tu. Watu wanapanga foleni kukitazama."

"Na ndani ya kibanda?"

"Hakuna kitu, kaka. Kibanda ndicho kitu chenyewe."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi jikoni kwa marehemu dada yangu napo tupajengee ngome!"

"Msicheke," mdogo wetu alisema. "Mahali panakuwa pa historia kwa sababu kuna mtu amesimama mbele yake akapasemea. Pasiposemewa ni kichaka tu." Jioni ile tulikaa muda mrefu tukitaja sehemu za kwetu ambazo angeweza kuzisemea, na ramani ya safari yake ya kwanza tuliichora pale pale kizingitini, kwa kijiti, kwenye vumbi.

Kutoka mjini tukapanda kwenda msitu wa Magamba. Tuliacha gari, tukaingia kwa miguu. Kulikuwa na ukungu kidogo na mbega walikuwa juu, wakiruka na mikia yao myeupe. Bibi alinishika mkono kwenye miteremko. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kila nilipomwambia "pole pole" alirudia "pole pole" kama mwanafunzi. Tulipofika kwenye gogo moja kubwa lililolazwa na miaka, magoti yake yakakataa. Wenzetu wakaenda mbele kutazama pango ambalo inasemekana lilichimbwa na Wajerumani wakati wa vita kuu ya kwanza. Mimi nikabaki naye.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakuwa na woga nacho. Alifundishwa na mdogo wetu msimu ule alipokaa kwao.

"Wewe, watoto?" akaniuliza.

"Ninao watatu, mama. Na wengine wawili niliwalea."

Sijui kama alielewa lile la pili. Alinyoosha kidole kule walikoelekea wenzetu. "Yeye, mzuri sana. Kazi nyingi. Lakini yeye hana mtu."

Nikasema, "Hana mtu?"

"Baba kufa. Mama kufa." Alikuwa akikunja vidole vyake. "Kaka kufa. Kaka kufa." Vidole vinne. Kisha akajigusa kifuani. "Sasa, sisi. Mama, baba."

Nilitazama vidole vile. Kimoja kilikuwa mimi.

Mtu akikwambia umekufa, kitu cha kwanza unachofanya ni cha kijinga. Mimi nilivuta kamba za begi, nikazikaza, ilhali begi lilikuwa chini. Nilikuwa na maneno. Ningesema, "Mama, kaka ni mimi," maneno ambayo hata kwa Kiswahili chake angeyaelewa. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akitazama njia waliyopita, anamsubiri yule mtoto atokee, kama nilivyokuwa nikimsubiri mimi akitoka shule na mvua. Ningesema hilo neno moja ningemfanya mtoto wetu mwongo mbele ya watu waliomvisha na kumlisha. Na aibu ya mtoto inatafuta nani aliyemlea.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akadhani ninamhurumia msichana. "Pole," akaniambia. Akafungua mfuko wake, akamega mkate, akanipa nusu. Nikala. Mimi niliyeacha kondoo mzima jikoni nilikula mkate wa mgeni wangu porini, na sikuweza hata kumwambia kwamba yeye ni mgeni wangu.

Tuliporudi barabarani, mdogo wetu na wazee walisimama kutazama vifaa vya zamani vya kupasulia mbao. Nikamfuata ndugu yetu nyuma ya gari.

"Nimekufa lini?"

Alikuwa anakunywa maji. Akayashusha.

"Nakuuliza wewe. Nimekufa lini? Nijue na matanga yangu nani aliyakalia."

"Kaka…" Akajaribu kucheka. "Hata mimi nimekufa. Tumezikwa siku moja. Mimi angalau nimefufuliwa udereva."

Sikucheka. Naye akaacha.

"Ulijua."

"Aliniambia alipokuwa chuo. Alisema shirika lilikuwa linachukua wasio na mtu kabisa, na aliogopa wakisikia ana kaka wawili wenye nguvu zao watamwacha. Akasema akimaliza masomo atawaeleza. Akamaliza, wakamwalika kwao. Akasema akirudi atawaeleza. Akarudi…"

"Miaka yote hiyo. Unakula kwangu Krismasi, unajua."

"Wewe huwezi kudanganya, kaka. Ungewaandikia barua ya shukrani. Ungeweka na picha."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Walinijua vizuri. Walinificha kwa sababu ya kile kile nilichowafundisha.

Tulipoanza safari ya kuelekea Malindi sikumwambia yeyote kwamba nyumbani kuna watu wanasubiri. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani niliamini nyumba yenyewe itaamua. Niliona mtu anaweza kunipita mimi, mimi ni mtu, lakini hawezi kupita sufuria la mama mdogo, na makaburi ya wazazi chini ya mti wa peasi yakiwa yanaonekana kutoka barabarani. Nilihesabu kona kwa moyo. Nyuma, mdogo wetu alikuwa akiwaeleza juu ya matuta na maji ya mifereji. Alikuwa na sauti nzuri.

Tulipokata kona ya mwisho aliwaona. Majirani wamejipanga, wanaume wamevaa makoti ya ibada, akina mama wamefunga vitenge vipya, moshi unatoka jikoni. Sauti yake ikakatika. Kisha akasema kwa Kiswahili, haraka, "Usisimame."

Ndugu yetu akapunguza mwendo lakini hakusimama. Ni mzee aliyesimamisha gari. Aliona watu, nguo na moshi, akapiga kelele ya furaha, akamgusa dereva begani, kamera tayari mkononi. Gari likasimama mbele ya mlango wetu.

Mdogo wetu akavuta pumzi, akaanza kuzungumza Kiingereza. Kwa mara ya kwanza siku ile ndugu yetu alinitafsiria bila kuombwa, na bila kupunguza kitu, akitazama mbele.

"Anasema hii ni nyumba ya kienyeji ya wakulima wa Kisambaa. Matofali ya udongo, paa la bati. Anasema leo labda wana sherehe."

Dirisha la bluu alilipaka baba. Nilisikia kamera ikilia, mara moja, na tena.

Mama mdogo akaja na beseni la maji ya kunawa, na kitambaa begani, akitusalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, wanangu! Karibuni, karibuni, chakula kinapoa."

"Shikamoo, mama," mdogo wetu akasema, chini chini.

"Marahaba. Shukeni basi, mbona mmegandia humo kama matenga?"

"Tunawahi Mtae, mama. Wageni wanataka kuona bonde kabla jua halijazama."

Mama mdogo akadhani ni utani. Akawageukia majirani. "Mnamsikia? Anakimbilia bonde! Bonde halihami, mwanangu. Kitakachohama hapa ni nyama!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, wa mjini huyo, tumbo lake linasoma saa." Wakacheka zaidi. Bibi naye akacheka ndani ya gari bila kujua kinachochekesha, akauliza kitu, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango.

"Bibi anauliza kama wanatualika," ndugu yetu akaninong'oneza. Mdogo wetu akamwekea bibi mkono begani, akamjibu taratibu. "Anamwambia ni desturi ya watu wa hapa. Wanamkaribisha kila apitaye."

Bibi akaondoa mkono kwenye kitasa.

Nikafungua mlango wangu, nikashuka. "Mimi nimefika," nikasema.

"Kaka, tafadhali." Hakugeuka aliponiambia hivyo. Lilikuwa ni neno la kwanza la udugu alilonipa tangu asubuhi, na alijua kwamba kwa Kiswahili kila mwanaume ni kaka, wageni wasingesikia kitu.

Nilizunguka mpaka dirishani kwa wazee. Maneno niliyoyaandaa yalikuwa mengi. Yalianza na baba, yakaja kwa mama, yakasema mlimkuta mtoto huyu ana kiu ya shule na sisi hatuna mtungi. Yalihitaji chumba, na watu walioshiba, na mimi nimesimama. Bibi alitoa mkono wake dirishani. "Asante, baba," akasema, "asante sana," kwa ajili ya mabegi, na kwa ajili ya mkono wangu kule msituni.

Niliushika kwa mikono yangu miwili. "Asanteni ninyi," nikasema. "Asanteni kwa mtoto."

Akamtazama mdogo wetu ili amweleze. Mdogo wetu akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yamejaa, na nilijua asingeyaacha yamwagike. Akasema neno fupi la Kiingereza. Wazee wakafurahi, wakanipungia mkono, mzee akainua kidole gumba.

Gari likaondoka. Baadaye ndugu yetu aliniambia neno lile. Lilikuwa, "Anawatakia safari njema."

Mama mdogo alibaki na beseni. "Wamekwenda kugeuza gari?"

"Hapana, mama. Wamepita."

"Wamepita wapi?"

Aliyamwaga maji yale kwenye mgomba, taratibu, kama ambavyo mtu humwaga maji aliyomwogeshea mgonjwa.

Chakula kilikaa. Kwetu chakula kilichopikwa kwa jina la mgeni hakiguswi kabla mgeni hajakigusa, na wote walilijua hilo. Nikasema, "Kuleni, ndugu zangu." Hakuna aliyesogea. Mama mdogo akaniuliza, "Tule kwa jina la nani?" Nikakosa jina. Mwishoni tuliwapa watoto, kwa sababu mtoto halaumiwi, na wakubwa wakabeba kidogo kidogo kwenye majani, wakiondoka kwa kuaga kwa sauti ya msibani. Hakuna aliyeuliza kitu. Wangeuliza ingekuwa nafuu.

Mdogo wetu alikuja wazee walipokwisha kurudi kwao. Alikuja peke yake, mchana, akanikuta napanda viazi mviringo. Akapiga goti pale pale kwenye tuta. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Tulikaa kwenye nyasi. Akachuma majani.

"Nilikuwa mtoto, kaka."

"Ulipokuwa mtoto, ndiyo. Mwaka huu si mtoto."

"Nilikuwa nimeshachelewa. Ningewaambiaje? Kila mwaka uliongeza mwaka mwingine juu yake. Bibi alinililia, unajua? Aliwalilia ninyi. Alikaa na mimi kwenye bustani yao, akaombea roho zenu. Ningemwambia nini baada ya hapo?"

"Kwamba maombi yake yamejibiwa, tumefufuka."

Alitaka kucheka, ikawa kilio. Sikumnyamazisha. Zamani ningemnyamazisha kabla hajapumua mara mbili.

"Na lile la nyumba?" nikamuuliza. "Ulikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ungesema hii ni nyumba tu, tuendelee. Ukawasimamisha mbele yake, ukaisemea, kama ukuta wa Wajerumani."

"Niliogopa. Niliposhikwa na hofu, mdomo ulifanya kazi yake ya kila siku."

Nilimwamini. Hilo ndilo gumu. Sijawahi kumwona ni mtu mbaya, wala siku ile, wala leo. Ningekuwa nimemwona mbaya ningepata pa kulala.

"Utawaambia?" akauliza.

"Sitawaambia."

"Umenisamehe basi."

"Sijasema hivyo. Nimesema sitawaambia."

Akaondoka jioni, na anaendelea kutupigia. Hutoa shikamoo vizuri, na mimi huitikia. Safari zake zimepata watu wengi, anaongoza mpaka wageni wa nchi ambazo sijawahi kuzisikia. Ndugu yetu ameacha kumwendeshea, anasema ni mgongo, na sijamuuliza zaidi. Wote wawili wanakuja nyumbani Krismasi, tunakula, tunacheka inapobidi. Lakini wakianza kuzungumza kwa sauti ya chini, mimi hutoka nje nikatazama mifugo.

Ndugu yetu alijitolea kuwaandikia wazee barua kwa Kiingereza. Nilikaa naye tukajaribu. Mstari wa kwanza ulikuwa lazima useme ni nani anayeandika, na hapo ndipo tulipokwama. Nikisema mpagazi, basi ni mpagazi anayeshukuru kwa mabegi. Nikisema kaka, nimemvua nguo mtoto niliyemvalisha. Kumtuma yeye mwenyewe apeleke shukrani siwezi, nimeshaona zinavyofika zikipitia mdomoni mwake. Na hata zingefika, ni za barabarani, hazina chakula.

Mdogo wetu anasema magoti ya bibi yamezidi kuuma na daktari amemkataza safari ndefu. Mzee naye hawezi kumwacha. Hawatarudi huku. Mama mdogo hukumbuka mara kwa mara, tukiwa tunachambua maharage, na kuuliza kama wale watu wetu wameshapata shukrani yao, na mimi humjibu kwamba bado. Nilikula mkate wao, wakanisomeshea mtoto, na hawakunawa mikono kwangu. Wako huko Kentucky, wana picha ya nyumba yetu, na hawajui kwamba nyumba ile inadaiwa.